Nne Aliyoitaja Arlen

Kura niliitisha mimi. Nasema mapema, asije mtu akanisifu huko mbele kwa kuendesha gari mwendo wa saa mbili na nusu kwenda kumtazama mzee wa watu. Kabla ya safari kulikuwa na kura, na kabla ya kura kulikuwa na mdomo wangu, ambao marehemu mama aliniambia tangu nikiwa binti kwamba siku moja utaniponza.

Arlen Stuessy anaishi Elkhorn, katika nyumba nyeupe ya mbao aliyoachiwa na mama yake, mwisho wa barabara ambayo gari la kuondoa theluji huifikia baada ya kumaliza mitaa mingine yote. Ana miaka sabini na mmoja. Alizaliwa shambani, kwenye ng'ombe wa maziwa, na shamba lilipouzwa akaingia kiwanda cha pampu akakaa humo miaka thelathini na minane. Kazi yake ilikuwa kupima. Chuma kikizidi kipimo kwa unene wa unywele, Arlen anakikataa, na msimamizi akija kumbembeleza anakikataa mara ya pili. Macho yake yalijulikana kiwanda kizima.

Hakuoa. Joellen Radtke, niliyekuwa nikipika naye jikoni shuleni, alirudishwa kwake kwa gari na Arlen kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo Arlen hakuwahi kuzima injini mlangoni pake. Nilimuuliza Joellen mwenyewe ilikuwaje. Akaniambia, "Alikuwa anangoja niwashe taa ya jikoni, halafu anaondoka." Wanaume wengine hata ukiwapa miaka kumi na mmoja ni kama umewapa dakika moja, na hiyo moja wataitumia kupasha gari joto.

Ni Joellen aliyenipeleka kwa Arlen, mwaka tisini na nne. Nilikuwa nimekuja jimbo hili kama bibi harusi. Ndoa ikaisha, baridi ikabaki, na mimi nikabaki nayo. Joellen akaniona ninavyokula peke yangu akasema, "Zuwena, njoo Jumamosi, tuna mchezo." Nilidhani ni karata. Nikashuka ngazi hadi chumba cha chini ya nyumba, nikakuta meza ya mwaloni ambayo Arlen aliiunda kwa mbao za banda la baba yake, viti vinne, bakuli la jibini, na mwanaume mwenye ndevu, Curt Wendorf, akisimulia habari za mji uliomezwa na kinamasi. Sikutoka tena.

Mchezo wenyewe ni wa kusimuliana. Curt anatunga nchi na hatari zake. Sisi wengine kila mtu ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Mimi nasema naruka bonde. Kama nimevuka au nimeanguka, haamui Curt na siamui mimi. Inaamua dadu ya pande ishirini. Ukipata namba kubwa umepona, ukipata ndogo shauri yako. Kutupa ni kazi ya mkono, na mkono una imani zake. Mimi nilikuwa na kopo la siagi ambalo lilikuwa jela. Dadu ikinitia aibu naifungia humo wiki mbili, na zile sugu nilizipeleka kwenye friza. Joellen alizipulizia zake kama chai ya moto. Curt alijifanya hana imani yoyote, lakini gusa dadu yake uone.

Arlen alikuwa na moja tu, ya mwaka sabini na nane, aliyokuja nayo ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kitabu chake cha kwanza cha sheria za mchezo. Dadu za zamani zile ziliandikwa sifuri hadi tisa, mara mbili. Zilikuja bila rangi, unachukua krayoni unasugua mwenyewe kwenye namba zilizochongwa. Arlen alisugua nusu bluu na nusu nyekundu. Nne ya bluu ni nne. Nne nyekundu ni kumi na nne. Ndivyo walivyocheza wote enzi hizo, na dadu mpya zilipokuja, zenye moja hadi ishirini wazi kabisa, wenzake wakabadilisha. Yeye alisema hii yake haijaharibika.

Nitasimulia kisa kimoja ili mumjue ni mtu wa namna gani. Mwaka tisini na saba alikuwa na mhusika aliyemlea miaka mitano, mchawi mwenye kikohozi, tulimpenda wote. Siku hiyo akatupa dadu, ikadunda, ikabiringika chini ya tanuri la kupashia nyumba joto. Curt akasema, "Tupa nyingine, Arlen, hiyo haihesabiki." Arlen akachukua tochi, akalala kifudifudi, akaingiza kichwa kule kwenye utando wa buibui. Alikaa huko kitambo. Hakuna aliyekuwa anaona isipokuwa yeye. Akatoka na vumbi mpaka kwenye nyusi, akasema, "Moja." Mchawi akafa. Curt akamwambia, "Wewe ni mjinga, mzee." Arlen akajipangusa, akasema huenda ni kweli, nani anataka kahawa.

Miaka ikatutawanya. Kifua cha mke wa Curt kilikataa baridi, wakahamia Arizona. Joellen alikwenda kukaa na binti yake Duluth. Mimi nilipanda kaskazini, Green Bay, kwa mwanangu, kulea wajukuu. Arlen akabaki na meza na viti vinne. Binti wa Joellen ndiye aliyetufundisha kukutana kwenye kompyuta, Jumamosi saa nane mchana, kwa sababu Jumapili ni ya mpira na katika jimbo hili Jumapili humwombi mtu chochote.

Kompyuta inatupa dadu yenyewe. Unabonyeza kitufe, namba inatokea kubwa katikati ya kioo, wote mnaiona, na hesabu imeshapigwa. Curt aliisifia mpaka akatuchosha: haina upendeleo, haina uchovu, haibiringiki chini ya tanuri. Joellen vidole vyake vimevimba viungo, kwake kitufe kilikuwa nafuu. Mimi nilikuwa na mjukuu analala chumba cha pili, na dadu zinapiga kelele. Jela yangu niliiosha, nikaitia siagi. Arlen peke yake ndiye aliyeendelea kutupa kwa mkono, kule kwake, juu ya mwaloni. Tulikuwa tunaisikia: inagonga, inabiringika, inatulia. Halafu kimya. Halafu anataja namba.

Msimu wa kwanza tulimwona uso. Baadaye akasema kamera imeharibika, tukabaki na sauti. Na kile kimya kikawa kirefu. Nusu dakika. Dakika nzima. Na baada ya kungoja hivyo anakuja na namba za kusikitisha: tano, tatu, saba, mbili. Jumamosi baada ya Jumamosi.

"Arlen, hiyo dadu uliiokota makaburini?" Joellen alimuuliza siku moja.

"Inapumzika kidogo," Arlen akasema.

"Inapumzika tangu mwaka juzi. Ipe na mto kabisa."

Alicheka sana siku ile. Alipenda kutaniwa na Joellen, na ningekuwa na akili ningeliona hilo mapema.

Sasa tufike Januari. Nilikuwa na mhusika wangu wa miaka kumi na tisa, Kidawa, mwizi wa kupanda kuta kwa kamba. Kumi na tisa. Nimezika mume wa zamani na shangazi wawili, na Kidawa alikuwepo. Tulikuwa tunavuka korongo, kamba ikakatika, nikaning'inia ukingoni, na aliyekuwa karibu ni askari wa Arlen, mwenye ngao. Curt akasema, "Arlen, ukipata tisa au zaidi umemkamata mkono."

Tukasikia dadu ikigonga. Ikatulia. Tukangoja. Nilisikia saa ya ukutani kwangu, nikasikia na mjukuu anageuka kitandani.

"Arlen?" Curt akasema. "Umepata ngapi?"

"Nne," Arlen akasema.

Hasira hasara, wanasema, lakini mwenye hasira hapigi hesabu. Nilimwambia dadu yake ina laana. Nilimwambia ni ung'ang'anizi tu, mtu mzima kukumbatia kipande cha plastiki huku wenzake wanakufa. Nikasema, "Naitisha kura."

"Kura ya nini, Zuwena?" Curt akauliza.

"Wote tutumie kompyuta. Wote. Tumechoka mtu anatupa vitu asikoonekana, halafu tunaambiwa namba."

Hayo maneno ya mwisho yalipotoka niliyasikia mwenyewe, na sikuyarudisha. Sikumaanisha kwamba anadanganya. Lakini nilijua yanasikikaje, na nikayaacha yakae hapo hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa nimefiwa, hata kama ni mtu wa karatasi.

Arlen aliuliza jambo moja tu. "Hiyo ya kompyuta anatupa nani?"

"Hakuna anayetupa," Curt akasema. "Ndiyo uzuri wake."

"Aa," akasema Arlen. Kisha akasema, "Basi, wengi wape."

Kura ikapita, tatu, na yeye hakupiga. Wiki iliyofuata tukaanza, na ajabu, Arlen akawa na bahati. Kumi na saba. Kumi na mbili. Kumi na tisa. Namba inaruka kwenye kioo, Curt anaisoma kwa sauti, tunaendelea, hatuna muda wa kupoteza. "Umeona?" nikamwambia. "Ilikuwa dadu." Akasema ndiyo, inaelekea ilikuwa dadu. Tulikuwa tunamaliza saa kumi badala ya saa kumi na moja. Curt akafurahi sana.

Kufika Machi Arlen alikuwa hasemi zaidi ya sentensi mbili kwa mchezo mzima. Jumamosi moja hakuingia. Ya pili pia. Nikampigia simu ya nyumbani.

"Hujambo, Arlen?"

"Si mbaya sana."

Mtu wa huku ukimuuliza hali atakujibu hivyo hivyo akiwa ameshinda bahati nasibu, na hivyo hivyo mguu ukiwa umekatika uko kwenye ndoo. Nikauliza kama anaumwa. Si mbaya sana. Kama kompyuta inamsumbua. Si mbaya sana. Nikauliza amezungumza na nani wiki hii. Akafikiri.

"Alikuja mtu wa kusoma mita ya gesi," akasema. "Jumanne."

Niliweka simu chini nikakaa na lile jibu siku tatu, na kila nilipokuwa nalisahau linarudi. Jumamosi, katikati ya Aprili, nikamwachia mkwe wangu watoto, nikateremka Elkhorn.

Alifungua mlango, akasimama hatua mbili mbele yangu, akaniuliza, "Nani?" Jua lilikuwa mgongoni mwangu, nikasema bila shaka ndilo lililomzuia. Nikasema ni mimi, Zuwena, umenisahau? Akatabasamu kama mtoto aliyefuatwa shuleni mapema. Akanitengenezea mkate na nyama ya bata mzinga, kwa heshima yangu, maana yeye hula ya nguruwe, akaweka tango la siki, akamimina kahawa yao ile nyepesi ambayo unaona sakafu ya kikombe. Alipomimina alitia kidole ndani ya ukingo wa kikombe. Nikasema moyoni, ndiyo haya, mtu akikaa peke yake adabu zinakwisha. Nikainywa hivyo hivyo.

Tulishuka chini. Meza iko vile vile, imepigwa nta. Viti vinne viko vile vile, na juu ya kile changu hapakuwa na vumbi wala juu ya kingine chochote. Kompyuta ilikuwa upande wake, imefungwa. Dadu ilikuwa katikati ya meza, na karibu yake kioo cha kukuzia, kikubwa, cha kiwandani.

"Tupa tuone," nikasema, maana nilikuwa natafuta pa kuanzia kuomba msamaha.

"Ya nini?"

"Basi tu. Nimekosa ile kelele."

Akaitafuta kwa kiganja juu ya meza, akaitupa. Ikagonga, ikabiringika, ikasimama karibu na mkono wangu. Akainama na kioo, akageuza kichwa pembeni kama kuku anayetazama punje, akakaa hivyo. Ule ukimya wote tuliokuwa tunaungoja, kumbe ulikuwa huu.

"Tano," akasema.

Nikaitazama. Ilikuwa nyekundu kama nyanya.

"Kumi na tano, Arlen."

Hakuinua kichwa. "Ni nyekundu?" akaniuliza.

Nilikaa kwenye kiti. Kila Jumamosi ya miaka miwili ilinipitia, zile tano, zile tatu, na vicheko vyetu.

"Tangu lini?"

"Rangi zilianza kuondoka mwaka juzi. Umbo naliona nikitazama kwa pembeni. Katikati hakuna kitu."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema ndivyo unavyokwenda huo ugonjwa."

"Na ukipata namba hujui rangi yake?"

"Nachukua ndogo."

"Kila mara?"

"Nikichukua kubwa nitakuwa mwizi, Zuwena."

"Si ungetupa sarafu basi, ugawe nusu kwa nusu, mtu wa vipimo wewe!"

"Nilifikiria hilo," akasema. "Lakini hapo nitakuwa nimewaambia namba ambayo siijui. Nikisema ndogo, angalau najua sijajiongezea."

Nilimwuliza kuhusu ile nne. Ilibidi nimwulize. Akaacha kuchezea kioo.

"Huenda ilikuwa kumi na nne," akasema. "Nilijua huenda ni kumi na nne. Ndiyo maana nilikawia. Niliigeuza kwenye mwanga wa taa, nikaipeleka dirishani. Nilijua ni Kidawa. Samahani sana."

Nilikasirika na nilitaka kulia, vyote kwa pamoja, na sikujua nimkasirikie nani. Miaka kumi na tisa. Angeweza kusema kumi na nne, asingejua mtu, hata yeye mwenyewe asingejua. Nilimwambia hivyo. Akasema ndiyo, na shida ni hiyo, asingejua. Basi, ukishasikia hivyo utamfanya nini mtu wa aina hiyo?

"Sasa kompyuta si ndiyo ilikufaa?" nikasema. "Namba inasomwa kwa sauti, huna haja ya jicho. Mbona uliacha kuja?"

Kwa Arlen, kusema jambo la moyoni ni kama kuvua buti lenye barafu.

"Mlikuwa mnaningoja," akasema. "Nikitupa, mnanyamaza wote. Halafu Curt anauliza, Arlen, umepata ngapi. Hakuna mtu mwingine anayeniuliza kitu wiki nzima. Ile ya kompyuta ikishatoka, Curt anaisoma, mmeshaendelea. Wiki ya tatu nilizima kipaza sauti mchezo mzima, nione. Mkacheza mpaka mwisho, mkaagana."

Nilikumbuka ile Jumamosi. Tulisema ulikuwa mchezo mzuri.

"Tuwaambie," nikasema. "Leo hii. Wenzako hawa."

"Hapana."

"Arlen."

"Joellen ataacha kunitania. Atanisemesha polepole kama mgonjwa. Hapana, Zuwena. Niahidi."

Mimi si mtu wa siri. Jikoni shuleni ukitaka jambo lifike mji mzima unaniambia mimi. Lakini nilikuwa na deni la maneno mle ndani, nikamwahidi.

Saa nane ikafika. Akafungua kompyuta, Curt na Joellen wakatokea, wakashangaa kusikia sauti yangu pale, Joellen akasema mbona hukuniambia ningekutumia chupa za jemu umletee. Nikasema nina hoja. Curt akafumba macho.

"Kura nyingine," nikasema. "Arlen arudishiwe dadu yake."

"Kwa sababu gani?" Curt akauliza. "Si wewe uliyesema..."

"Mimi ndiye niliyesema, na nilisema upumbavu. Piga kura, bwana."

"Lakini sababu?"

Arlen pembeni yangu alikuwa ametulia kabisa, mikono juu ya meza. Nikasema, "Sababu ni kwamba nimeomba. Miaka thelathini sijawaomba kitu." Hiyo si kweli, nimewaomba mengi, lakini walikuwa na adabu ya kutonikumbusha.

"Mimi nakubali," Joellen akasema, bila kuuliza chochote. "Ile kompyuta yenu inanipa usingizi."

Curt akakubali naye, akinung'unika kuhusu muda. Tukaanza. Askari wa Arlen alikuwa amewekwa kulinda lango la mji, na adui wanalisukuma kwa gogo. Curt akasema, "Arlen, unahitaji kumi na mbili."

Akatupa. Ikagonga mwaloni, ikazunguka, ikasimama mbele yangu. Saba. Nyekundu, ing'aayo. Kumi na saba. Arlen akainama na kioo chake, akageuza kichwa, na kule Arizona na kule Duluth watu wawili wakanyamaza. Nikanyoosha mkono, nikamshika kifundo cha mkono wake mwingine, nikakibonyeza kwa nguvu, mara mbili, ili aelewe ni nyekundu.

"Arlen," Curt akasema. "Umepata ngapi?"

Aliuacha ule ukimya ukae kidogo. Uso wake ulikuwa umelegea, ana amani.

"Saba," akasema.

"Lango limevunjika," Curt akasema.

"Mungu wangu," Joellen akasema, "ile maiti imefufuka na bado ni maiti." Arlen akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta, na Joellen akaendelea, akamwuliza kama dadu ile ina bima ya mazishi, na yeye akajibu, na wakaendelea hivyo wao wawili wakati adui wanaingia mjini wanatuchinja.

Tulimaliza saa kumi na nusu. Alifunga kompyuta kwa kuipapasa ukingo, akakaa. Chumba kikawa kimya kweli, si kile kimya cha kungojwa.

"Nilikubonyeza," nikasema.

"Nilihisi."

"Mara mbili. Ilikuwa nyekundu. Macho yangu ni mazima, Arlen, kuyatumia si wizi. Kwa nini hukuichukua ile kubwa?"

Alikuwa anaitafuta dadu kwa kiganja. Ilikuwa mbele yangu. Nikaisukuma hadi ikamgusa vidole.

"Saa kumi na moja utaondoka, Zuwena," akasema, bila lawama yoyote, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Jumamosi ijayo nani atanibonyeza?"

Nilifikiria wajukuu, nilifikiria mkwe wangu na zamu zake, nilifikiria saa mbili na nusu za barabara kwenda na saa mbili na nusu kurudi. Yeye hakuningoja nimalize kufikiri. Alisimama akaanza kupanga viti, kimoja kimoja, akivisukuma mpaka vinagusa meza. Nikasema barabara zitaanza kuganda, nikachukua koti langu.